Upindo wa Kijani

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alfajiri, ikakuta dirisha la duka wazi na kitambaa cha mteja mezani. Kimelowa pembe moja. Nimekipiga pasi, nimenyamaza, mteja hatajua.

Nimemaliza sketi ya wifi. Wifi yangu huyu, mdogo wake baba watoto, ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mguu wake wa kushoto una hitilafu tangu utotoni, akitembea anachechemea. Lakini akipanda baiskeli humtambui. Kila asubuhi, kabla mabasi hayajaanza, anapita hapa mbele kwenye ile njia ya kijani ya baiskeli, mgongo umenyooka, anapiga kengele mara mbili kunisalimu, maana anajua tunaishi nyuma ya duka na wakati huo nipo jikoni. Anasema mguu anauwekea akiba. Baiskeli imfikishe kazini, mguu uzunguke wodini kutwa.

Sketi ni ya sare, lakini kwa ndani nimeigawa katikati kama suruali, isije ikanaswa na mnyororo. Mbele nimeweka marinda, mtu hatambui. Ameibatiza jina: sketi danganya. Ameijaribu mbele ya kioo, akazunguka kama mtoto.

"Wifi, kaka yangu amekupata kwa bahati. Wewe ulikuwa wa kuolewa na mimi."

"Mahari ungetoa nini? Baiskeli?"

"Na kengele yake."

Tumecheka mpaka baba watoto akachungulia kuuliza tunamsengenya nani.

Alhamisi, 5 Machi

Siku tatu sijaona mteja wa gari. Tangu halmashauri ipake ile rangi ya kijani na kusimamisha vinguzo vya plastiki pembeni mwa barabara, mwenye gari hana pa kuegesha. Mama wa bibi harusi hawezi kuja na vitambaa vyake kwa miguu kwenye tope. Anaendesha polepole, ananiona, ananipungia mkono, anaenda kwa fundi mwingine.

Muuza magodoro, duka la tatu kutoka langu, ndiye mwenyekiti wetu wa wenye maduka. Amekuja kunikumbusha mkutano wa Jumamosi. "Fundi, niambie wewe. Nani atabeba godoro la sita kwa sita kwenye baiskeli?" Huyu bwana swali lake ni hilo hilo tangu mwaka jana. Nilimwambia nitakuja, ili aondoke mlangoni, maana akisimama duka linaingia giza.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Vifungo kumi na viwili, sketi moja ya shule, basi.

Jumamosi, 7 Machi

Leo sina budi kuandika mengi, maana nimekuwa mtu maarufu.

Ukumbi wa shule ulijaa. Halmashauri ilimleta afisa wa mipango, kijana mwenye miwani na ramani, tutoe maoni njia ya baiskeli ibaki au iondolewe. Wenye baiskeli walikaa kushoto, wenye magari na maduka kulia, utadhani harusi ambayo pande mbili hazijaelewana. Wa kushoto waliongea kwa takwimu, wa kulia kwa hasira, na mvua ikipiga bati hata maikrofoni ikawa haina kazi. Wifi hakuwepo. Jumamosi huwa zamu. Nilimtafuta kwa macho upande wa kushoto nisimwone, nikasema moyoni afadhali.

Mwenyekiti wetu aliposimama alisahau alichokusudia. Alitaja magodoro mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Nilimwonea haya. Nikanyoosha mkono.

Sikuwa nimepanga kitu. Nilisema, "Mheshimiwa, mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniletea gauni linalombana, simkunjii upindo mpana nikazidi kumlia kitambaa. Sisi barabara yetu ilikuwa inabana tangu zamani. Nyinyi mmekuja mkaikunja upindo wa kijani huku na huku! Sasa upindo ukiila nguo, dawa yake ni moja tu."

Nikanyamaza. Najua kunyamaza panapotakiwa, hilo nimejaliwa. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ipi?"

"Fumua!"

Ukumbi ulilipuka. Walipiga viti, walipiga miguu. "Fumua! Fumua!" Hata wa kushoto wengine walicheka, na kijana wa miwani akageukia ramani yake ili asionekane. Nami mtu akinichekea sijui kuacha. Wakati wa kurudi kitini nikawaigiza waendesha baiskeli wakishuka baada ya safari, mikono imeshika usukani hewani, mguu mmoja unatangulia, mwingine unafuata kwa kujivuta. Mama mmoja alinishika mkono akasema, fundi utaniua.

Nimerudi kichwa kimevimba. Nimemsimulia baba watoto neno kwa neno mpaka chai ikampalia. Ule mwendo nimeuruka, sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Machi

Wifi amepita. Kengele mara moja. Labda alikuwa na haraka.

Jumanne, 10 Machi

Neno limetoka ukumbini, linatembea lenyewe. Ukutani kwa kinyozi mtu ameandika kwa mkaa FUMUA, herufi ndefu kama mimi. Dereva wa teksi amenipigia honi akasema "Fumua, mama!" Nimempungia mkono kama mgombea.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekasirika mpaka nimejichoma na pasi.

Mwenyekiti kahojiwa redioni. Mtangazaji kamwuliza, hili neno linalovuma mtaani, fumua, limetoka wapi? Akajibu, kwa ile sauti yake ya kuuza magodoro, "Lilinijia tu mwenyewe, usiku, nikiwaza shida za wananchi wangu." Lilimjia! Mtu ambaye hajawahi kushika sindano, hata kifungo cha shati lake nakishona mimi! Nilitaka kwenda kumvua nguo mbele ya wateja wake. Baba watoto akanizuia. "Mwache, mama watoto. Neno si mbuzi kwamba ameiba."

Afadhali angekuwa mbuzi, ningempata.

Jumamosi, 14 Machi

Mwenyekiti alikuja. Akanivika kilemba cha ukoka: fundi wa mafundi, ulimi wa dhahabu, sisi bila wewe si kitu. Redioni eti alibanwa na muda. Halafu akaagiza bango la kitambaa, maandishi mekundu juu ya nyeupe, lipite kutoka nguzo hadi nguzo. FUMUA. Nilikuwa nimeapa kutozungumza naye. Nimekubali, na kila herufi nimeipitishia mishono miwili, upepo usiing'oe.

Jumanne, 17 Machi

Mvua kutwa. Bango linaonekana vizuri kutoka jikoni.

Ijumaa, 20 Machi

Mzee mmoja alikuwa anapita na mikate nyuma ya baiskeli. Gari likamsogelea, kijana akatoa kichwa akamfokea "Fumua!" Mzee akayumba, mkate mmoja ukaanguka kwenye maji. Nimecheka, kwa mazoea tu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Kisha nimeona mzee akiufuta mkate kwa shati, nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi, 21 Machi

Kengele mara moja tena. Nimetoka haraka nimwite, alikuwa ameshafika mbali.

Jumatano, 25 Machi

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Mvua ilishika tangu adhuhuri, ukifika mlangoni huoni ng'ambo. Jioni tulikuwa tunafunga duka, mimi na baba watoto, wifi akaingia akiburuta baiskeli yake, gurudumu la mbele limekunjika. Viganja vimechubuka, kidevu kinatoka damu, sketi danganya tope tupu mpaka kiunoni. Haikuchanika. Hilo ndilo nililoliona kwanza, Mungu anisamehe, kwamba mshono wangu umeshika.

Baba watoto alimketisha kwenye kigoda cha wateja. Mimi nikaleta maji ya vuguvugu na vitambaa safi.

"Gari dogo jeupe," alisema wifi. "Limepunguza mwendo ubavuni kwangu, nikajua ananipisha kwa sababu ya maji. Akashusha kioo, akanipigia kelele sikioni. Fumua! Nimeshtuka, nimejikuta mtaroni. Nimewasikia wakicheka wanaondoka."

"Umewajua?" aliuliza baba watoto. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Kaka, niwajue saa ngapi? Nilikuwa nakunywa maji ya mtaro."

Alijaribu kucheka, kidevu kikamwuma. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nimeshika kiganja chake, natoa changarawe kwa kibano changu cha nyuzi. Akaniangalia. Wifi ana macho ya wauguzi, anakuangalia kama anakupima homa.

"Hivi, wifi, hili neno limetoka wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ilinibidi niseme neno moja tu, langu. Nilisema:

"Si la Mwenyekiti? Alitangaza mwenyewe redioni."

Baba watoto aliinamia beseni. Lilikuwa na maji mekundu kidogo na majani ya mtaroni, akaliangalia kama kuna kitu cha kusoma humo.

"La Mwenyekiti," alisema wifi. "Haya."

Nikamfunga viganja. Baiskeli ameiacha kwetu. Baba watoto alitaka kumsindikiza, akakataa, akasema nyumbani si mbali. Akaingia mvuani na mwavuli wetu. Nilisimama mlangoni nikamtazama akienda, mguu mmoja ukitangulia, mwingine ukifuata kwa kujivuta.

Nimeujua ule mwendo. Niliuigiza mbele ya ukumbi mzima na sikujiuliza nimeutoa wapi. Waendesha baiskeli hawatembei vile. Hakuna anayetembea vile mtaa huu isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa akinipigia kengele mara mbili kila asubuhi. Nilipoulizwa neno ni la nani nikamsingizia muuza magodoro, na leo namshukuru kwa kuniibia. Wiki mbili zilizopita nilitaka kumvua nguo.

Nashukuru pia kwamba siku ile wifi alikuwa zamu. Ndivyo nilivyo.

Baba watoto amekula nusu sahani. Alipokwisha kunawa akasema, "Umenitia kwenye uongo wako. Kwa mdogo wangu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulishasema wewe."

Alhamisi, 26 Machi

Hakuna kengele.

Jumatatu, 30 Machi

Baba watoto alinyoosha gurudumu, akampelekea baiskeli. Amerudi nayo. Wifi kasema ikae kwetu kwanza. Imesimama stoo, kati ya marobota. Nikienda kuchukua kitambaa naipa mgongo.

Alhamisi, 2 Aprili

Sasa anapita kwa miguu, giza bado halijatoka, ili awahi. Namsikia kabla sijamwona. Leo nimejikaza kisabuni, nikatoka na kikombe cha chai nimwambie kila kitu.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama, wifi. Viganja vimepona, ona."

"Mvua mwaka huu haina adabu," nikasema.

"Haina kabisa."

Akanywa chai wima, akanirudishia kikombe, akaenda zake. Nilikuwa nimekariri maneno tangu jana. Nilichompa ni habari ya mvua.

Jumatatu, 6 Aprili

Mwenyekiti amekuja akakaa kigodani bila kukaribishwa. Nilidhani anataka bango jingine.

"Fundi, nasikia yule muuguzi aliyeangushwa ni wifi yako."

"Ndiyo."

"Nilienda kumwona. Nilimpelekea mto, wa sufi, wa kuwekea mguu." Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. "Watu wananiambia neno langu limemwumiza. Nami nalala vibaya, Fundi. Tena neno lenyewe si langu. Si unajua?"

"Ulisema redioni lilikujia usiku."

"Nilidanganya. Nilipenda kusifiwa." Alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, mtu ambaye nimemcheka miaka yote kwa kukosa maneno. "Jumamosi kuna mkutano wa mwisho. Twende tusimame pamoja. Njia iondoke, sawa, mimi biashara yangu naijua. Lakini tuwaambie neno hili lisitupiwe watu barabarani. Wewe wanakusikia."

Nikamwambia nitaangalia. Akashukuru! Alipoondoka nimeona amesahau kofia, nikakimbia kumpa, na njia nzima sikuweza kumwangalia usoni.

Jumanne, 7 Aprili

Nitasimama. Nimemwambia baba watoto. Amesema, "Haya," kwa sauti ya mdogo wake.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikusimama. Yaani, nilisimama.

Ukumbi ule ule, mvua ile ile. Mwenyekiti alianza. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili akasema, "Ndugu zangu, lile neno mnalojua. Si langu. Nilijisifia bure. Tena naomba mtu asimpigie mwenzake kelele barabarani, kuna watu wameumia." Hakunitaja. Alinitafuta kwa macho mara moja, kisha akaangalia chini. Watu walidhani anatania. Mmoja akapaza, "Fumua, Mwenyekiti!" na ukumbi mzima ukapokea. Akabaki amesimama na maikrofoni, mdomo unacheza, hasikiki.

Ndipo wakaniona. "Fundi! Mpeni Fundi!" Walinisukuma mbele, wakanyamaza, nyuso zote zimeshafunguka tayari kucheka. Nimewahi kuona nyuso hizo, nilizipenda sana. Nilijua nikisema jambo la wifi zitafungwa, zitanigeuka, nami nitakuwa fundi aliyeharibu shughuli. Nikasema:

"Naomba tu halmashauri watupe taarifa mapema, tuhamishe vitu vyetu vya nje kabla kazi haijaanza."

Wakapiga makofi hata hivyo. Hata kwa hilo wakapiga makofi! Nimepita katikati yao natamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti alinisogezea kiti. Hakunilaumu, na ningefurahi angenilaumu.

Wamepitisha. Njia inaondolewa.

Jumapili, 12 Aprili

Sikuandika kitu jana kuhusu baba watoto. Aliniuliza, "Ulisema?" Nikasema, "Nilijaribu." Huo nao ni uongo.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Mafundi wa halmashauri wamekuja, wameng'oa vinguzo vitano, wamelowa, wameondoka.

Jumatatu, 27 Aprili

Mashine ya kukwangua imefika leo, jua lilipochungulia kidogo. Inalia mpaka sindano inacheza. Rangi ya kijani inatoka vipande vipande, inachanganyika na maji, inakwenda mtaroni. Watu walitoka madukani kutazama. Wengine walipiga vigelegele. Mimi nilisema nina kazi ya haraka, nikajifungia na gauni ambalo mwenyewe hataki mpaka mwezi ujao.

Mshono ukiufumua, matundu ya sindano yanabaki. Barabara nayo imebaki na michirizi ukiiangalia jua likilala.

Ijumaa, 1 Mei

Haya, magari yana pa kuegesha. Mbele ya duka langu limeegeshwa gari la mizigo la kampuni iliyo kona, linakuja asubuhi, linaondoka jioni, mwenyewe hana habari na mimi. Limeziba mlango na dirisha. Nashona na taa mchana. Mwenyekiti akisimama mlangoni giza lilikuwa linapita, hili limehamia.

Jumatano, 6 Mei

Baba watoto ametoka kumwona mdogo wake. Alivua viatu, akakaa, ndipo akasema.

Wamemhamisha wodi. Akitembea mpaka kazini, mguu unakuwa umeshaisha akiba kabla hajaanza. Wiki iliyopita alikaa chini katikati ya zamu, akashindwa kunyanyuka, mtoto akiwa mikononi. Mkubwa wake hakumgombeza. Kamwambia apumzike mapokezi, aandike majina ya wagonjwa, na aje asubuhi mabasi yakishaanza.

"Umwendee," alisema baba watoto.

"Nitamwendea."

"Mama watoto. Umwendee."

Alhamisi, 7 Mei

Sikwenda.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imepungua. Sikwenda.

Jumamosi, 16 Mei

Amekuja mwenyewe.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika tangu juzi, nami nimewasha taa kwa ajili ya lile gari. Nilimsikia akilizunguka, nikazijua hatua. Aliingia na mfuko, akakaa kigodani, akatoa sketi danganya, imefuliwa, imepigwa pasi, marinda yamesimama kama siku ya kwanza. Akailaza mapajani kwangu.

"Wifi, nifumulie."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa anaongea taratibu, anaonyesha kwa kidole. "Hapa katikati. Mapokezi nakaa kutwa, sihitaji tena hii suruali ya ndani. Itoe, uiunganishe iwe sketi ya kawaida. Kitambaa bado kizima, haramu kukitupa."

Nilishika ile sketi. Nilisema, "Wifi, lile neno."

"Najua."

"Si la Mwenyekiti."

"Najua, wifi. Nilikuwepo."

Nje mtu aliwasha gari, akazima. Yeye aliendelea, akinyoosha marinda kwa kiganja, kovu lake bado jekundu.

"Nilibadilishana zamu na mwenzangu. Nilisimama nyuma, mlangoni, na sare yangu. Nilijiandikisha nizungumze. Nilitaka kuwaeleza habari ya mguu na wodi, nilikuwa nimejifunza mpaka pa kupumua. Zamu yangu ilikuwa inafuata baada yako."

"Mbona hukusema?" Nimeliuliza hilo. Kwa mdomo wangu huu.

"Neno lenyewe lilinichekesha. Kweli. Nilicheka pamoja na watu, nikamgusa mama aliyekuwa pembeni yangu nikamwambia, yule ni wifi yangu." Akaacha kunyoosha marinda. "Halafu ukaanza kutembea."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nilisema nisamehe, nikarudia, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyotaka. Nilisema na la siku ile ya mvua, nilipomdanganya nimeshika kiganja chake.

"Siku ile nilikuuliza ili unijibu tu," alisema. "Nilikuwa nimeshakuandalia jibu. Ungesema langu, ningekwambia, basi yamekwisha, nipe chai."

"Na sasa?"

Alisema, "Shika wembe, wifi. Nifike nyumbani kabla ya giza."

Nimefumua. Ule mshono nilishona kwa mapenzi, uzi maradufu, hauachii kirahisi. Kitambaa kinataka kuvutwa ndipo wembe upite, na mikono miwili ya mtu mmoja haiwezi kazi tatu. Aliliona hilo, akavuta kigoda karibu, akashika upande wake, mimi nikashika wangu. Tulikaa hivyo magoti yakigusana, yeye anavuta, mimi nakata, na nyuzi zinaangukia sakafuni. Nilitamani mshono uwe mrefu usiishe. Uliisha. Nikaunganisha upya, nikapiga pasi, na matundu ya zamani yanaonekana ukijua pa kutazama.

Akaikunja, akaitia mfukoni. Nilimwambia baiskeli yake ipo, gurudumu zima, siku yoyote. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia habari za ndugu wa mbali.

Mlangoni aligeuka.

"Wifi, naomba kitu kimoja."

"Chochote."

"Nikiondoka, usinitazame."

Nimegeukia cherehani. Nimeweka mikono juu yake na sikushona. Nimemsikia akilizunguka lile gari, nimemsikia akishika barabara, mguu mmoja, kisha ule mwingine, mpaka kona.